Kutoka fidla hadi viola: kazi ya jukwaani na kazi ya chuo kikuu

Swali: Nina miaka 22, niko mwaka wa 3 wa shahada ya muziki hapa Nairobi. Fidla nimeipiga tangu darasa la 5 na nina gredi ya 8 ya mitihani ya ala. Okestra yetu ina wapiga viola wawili tu (viola ni ndugu wa fidla, kubwa kidogo na yenye sauti ya chini zaidi), na mwalimu ananihimiza nihamie huko. Nataka kuishi kwa kupiga muziki wa klasiki na kufundisha chuo kikuu. Je, viola itanifikisha? Njia yenyewe ikoje, na inalipa?

Jibu: Ushauri wa mwalimu wako ni mzuri, ila sababu yake haikutoshi. Okestra kupungukiwa na viola ni shida ya okestra. Wewe jiulize kama unaweza kukaa saa 4 kwa siku na ala ambayo mara nyingi haipewi melodia, ukafurahia kuwa katikati ya sauti za wenzako. Azima viola kwa wiki 3. Piga uzi wa C, ule wa chini kabisa, peke yake, nota ndefu, kila siku. Ukijikuta unaurudia uzi ule hata muda wa mazoezi ukiisha, hama. Ukijikuta unautamani uzi wa E wa fidla, baki ulipo. Wanaohama kwa kukimbia ushindani hushtuka baadaye: okestra kubwa ya simfonia hukalisha fidla za kwanza 16 na za pili 14, lakini viola 12 tu.

Jambo la pili, na ndilo linaloamua mengine yote: unachokitamani ni kazi mbili, na kila moja inadai ushahidi wake. Okestra haina haja na cheti chako. Inataka dakika 10 za usaili, ukipiga nyuma ya pazia ili wasikuone. Chuo kikuu kinataka shahada, faili nene, na siku moja ya kumfundisha mwanafunzi usiyemjua mbele ya watu wanaofikiria kukuajiri. Wengi hujiandaa kwa moja wakitumaini nyingine itafuata yenyewe. Haifuati. Mtu anaweza kupiga kazi ngumu ya mtunzi Bartók vizuri mno na asijue la kumwambia kijana ambaye kidole gumba chake kimekakamaa.

Tuanze na ala. Fidla ya mtu mzima ina kipimo kimoja: mwili wake, bila shingo, ni sentimita 35.5 hivi. Viola haina kipimo. Zinazotumiwa na watu wazima huanzia sentimita 38 hadi 43, kwa sababu ya kifizikia. Nyuzi zake ni C, G, D na A, kwinti moja (hatua tano za skeli) chini ya fidla, na ili mwili uitikie sauti hizo kwa uwiano uleule wa fidla ungepaswa kuzidi sentimita 50. Hakuna bega la kubeba kitu hicho. Kila viola, basi, ni maafikiano kati ya sauti na mkono. Lionel Tertis (1876–1975), Mwingereza aliyepigania viola itambuliwe kama ala ya kupiga peke yake, alibuni mfano wa inchi 16¾, yaani karibu sentimita 42.5, na wengi mikono yao haiuwezi.

Usichague kwa urefu wa mkono tu. Shika ala, weka kidole cha kwanza kwenye D ya uzi wa C, kisha ufikishe kidole cha nne kwenye G bila kusogeza kiganja. Kifundo kikipinda kwenda nje, au bega likipanda kuelekea sikio, ala hiyo ni kubwa mno hata kama sauti yake inakutoa machozi. Kwa aliyezoea fidla, sentimita 39.5 hadi 40.5 ni mahali salama pa kuanzia. Angalia na umbo: viola ya sentimita 41 yenye mabega membamba inaweza kuwa nyepesi kupiga kuliko ya 40 yenye mabega mapana, kwa kuwa mkono wa kushoto haulazimiki kuzunguka mbali unapopanda juu.

Nota za viola huandikwa kwa ufunguo wa C, C ya kati ikikaa mstari wa tatu. Wapiga fidla hufundishana ujanja: soma kana kwamba ni ufunguo wa G wa fidla, na kana kwamba upo pozisheni ya tatu, mkono ukiwa umepanda kidogo juu ya shingo ya fidla, vidole vitaangukia mahali pake. Kweli vinaangukia, hadi utakapohama pozisheni au kukutana na alama ya kupandisha nusu sauti. Hapo unajikuta unapiga nota usiyojua jina lake, na kwenye kwateti, kikundi cha wapigaji wanne, mwenzako akikwambia "F yako iko juu" unaanza kuhesabu vidole. Ujanja huo uache tangu siku ya kwanza. Soma kwa majina, ukitaja nota kwa mdomo bila ala mkononi, dakika 15 kila siku. Kwa mtu wa gredi ya 8, wiki 6 huwa zinatosha.

Mkono wa kulia ndio utakaokusumbua zaidi. Upinde wa fidla una uzito wa gramu 60 hivi. Wa viola unakaribia 70. Uzi wa C ni mnene na unachelewa kuamka. Mpiga fidla akiukuta huusugua kwa kasi aliyoizoea, upinde unateleza juujuu, na sauti inatoka kama ya mtu aliyezibwa mdomo kwa leso. Punguza kasi. Sogeza upinde karibu na daraja la nyuzi kwa upana wa kidole kimoja, acha uzito wa mkono wote ushukie kidole cha shahada, na anza kila nota upinde ukiwa umeshaugusa uzi. Ukisubiri kondakta apige ndipo uguse, sauti yako itafika imechelewa, na sehemu nzima ya viola itaonekana inavuta mapigo. Vibrato, yaani mtikisiko wa kidole juu ya uzi, nayo ipanuke na itulie kidogo. Ile ya haraka na nyembamba ya fidla, juu ya nyuzi za chini, husikika kama mbuzi.

Kuhusu vitabu vya kupiga: miezi 6 ya kwanza usiguse koncheto kubwa, yaani kazi za mpiga mmoja akisindikizwa na okestra. Piga skeli za oktavo 3, mazoezi ya Kreutzer yaliyohamishiwa viola, Koncheto ya Telemann katika G, na Suti ya 1 ya sello (ala kubwa ya nyuzi yenye sauti nzito) ya Bach, ambayo viola huipiga oktavo moja juu. Mwaka unaofuata ingia Hoffmeister na Stamitz, koncheto mbili za D zilizoandikwa zama za Mozart. Zinaonekana rahisi kwenye karatasi. Ndiyo maana Ujerumani huziitisha karibu kwenye kila usaili wa okestra: hazina mahali pa kujificha. Kisha Sonata mbili za Brahms, opasi 120, alizoziandikia klarineti mwaka 1894 na kuzihamishia viola mwenyewe, na Sonata ya Rebecca Clarke ya 1919. Clarke mwenyewe alikuwa mpiga viola, na inasikika.

Mwisho kabisa ndipo unafika kwenye koncheto za wale watunzi watatu wanaoulizwa Marekani: Walton (1929), *Der Schwanendreher* ya Hindemith (1935) na Bartók. Historia yao inagusa swali lako. Walton alimwandikia Tertis, Tertis akakataa kuipiga mara ya kwanza, na aliyesimama jukwaani London badala yake alikuwa Hindemith, mtunzi ambaye pia alikuwa mpiga viola na ambaye baadaye alifundisha Yale. Ile ya Bartók iliagizwa na William Primrose. Bartók alifariki 1945 akiacha rasimu tu, Tibor Serly akaikamilisha, na Primrose akaipiga mara ya kwanza 1949. Primrose naye baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Indiana. Kupiga na kufundisha vimeshikana katika ala hii tangu ilipoanza kuheshimiwa. Leo Kim Kashkashian anafundisha Boston huku akirekodi na kuzunguka majukwaani.

Sasa usaili wa okestra. Unatumiwa orodha: koncheto moja au mbili, mara nyingi na Bach, pamoja na vipande vifupi vya simfonia. Vipande hivyo havibadiliki sana kutoka mji hadi mji. Ukurasa wa kwanza wa *Don Juan* ya Strauss. Sehemu ya mwisho ya Simfonia ya 35 ya Mozart. Skezo, kipande chepesi cha kasi, ya Mendelssohn kutoka *Ndoto ya Usiku wa Kiangazi*. Mwanzo wa sehemu ya pili ya Simfonia ya 5 ya Beethoven, ambako viola na sello hupiga melodia pamoja. Ile melodia ya juu ya viola katika sehemu ya kwanza ya Simfonia ya 5 ya Shostakovich, yenye nota chache, miruko mirefu, na kila mruko ni mtego.

Kamati inachuja kwa mpangilio huu: mdundo, usahihi wa sauti, halafu uzuri wa sauti. Wapigaji hujiandaa kwa kinyume chake. Katika Skezo ya Mendelssohn, mtu hupumzika kwenye alama ya kimya na kurudi akiwa amechelewa chembe; nyuma ya pazia, wanaosikiliza wanagonga mguu, na huko ndiko safari inakoishia. Dawa yake: weka metronomu, kifaa cha kugonga mapigo, igonge mara moja tu kwa kila mapigo manne makuu, ujirekodi, usikilize kesho yake asubuhi wala si papo hapo. Katika *Don Juan*, mbio za mwanzo humezwa kwa sababu upinde unaanza na nguvu nyingi kuliko inavyohitajika na hakuna kilichobaki kileleni. Anza na robo ya upinde tu.

Ulaya na Marekani hutofautiana. Ujerumani ina karibu okestra 130 zinazoendeshwa kwa fedha za umma. Nyingi hufuata mkataba wa pamoja wa mishahara, wanaopiga kura ni wanaokestra wenyewe, na ukichaguliwa unapewa kipindi cha majaribio, kwa kawaida mwaka mmoja, ndipo wanapiga kura tena. Marekani kiti kimoja cha okestra nzuri kinaweza kuvuta zaidi ya watu 100, na kila mmoja hujilipia nauli na hoteli. Hesabu hilo kwenye bajeti yako kama unavyohesabu kodi ya nyumba. Anayefanya usaili mara 5 kwa mwaka anaishi maisha tofauti na anayefanya mara 1.

Upande wa chuo kikuu una kalenda yake. Kwa uzamili Marekani, video za mchujo huhitajika karibu tarehe 1 Desemba, usaili wa ana kwa ana hufanyika Januari hadi Machi, na vyuo vingi huomba jibu la mwisho ifikapo 15 Aprili. Usilipe karo ikiwa unaweza kuepuka. Tafuta nafasi ya mwanafunzi msaidizi: unapiga kwenye kwateti ya chuo au unafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na chuo kinakusamehe karo na kukupa posho. Kwa viza ya mwanafunzi unaruhusiwa kazi ya chuoni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, kwa hiyo posho hiyo ndiyo itakayokulisha. Hapa viola inakufaa kweli kuliko fidla. Chuo kinachotaka kwateti kamili kina fidla za kutosha. Kinachokikwamisha ni viola, na pesa huelekea kwenye pengo. Andikia idara mapema, mwezi wa Septemba, na umuulize mwalimu wa viola swali moja tu: nafasi za usaidizi zitakuwa ngapi mwaka ujao?

Vyuo vya muziki vya umma Ujerumani kwa sehemu kubwa havitozi karo, ila baadhi huwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya; jimbo la Baden-Württemberg, kwa mfano, huwatoza euro 1,500 kwa muhula. Ila utahitaji Kijerumani cha kueleweka, na utahitaji kuonyesha fedha za kujikimu kabla ya kupata viza. Ukitaka okestra kwanza, nenda huko. Ukitaka uprofesa Marekani au ukitaka kurudi Kenya, nenda kwenye shahada.

Kwa Marekani, shahada inayofungua milango ya idara ni uzamivu wa utendaji wa muziki, ambao kwa kawaida huchukua angalau miaka 3 baada ya uzamili: maonyesho kadhaa ya peke yako, mitihani ya nadharia na historia, na andiko refu la kitaaluma. Kuna waliopata uprofesa bila huo, lakini walikuwa na kiti cha okestra kubwa au rekodi zinazojulikana.

Matangazo ya kazi hutoka zaidi kati ya Septemba na Desemba. Yasome kwa makini, kwa maana tangazo la viola mara nyingi ni tangazo la mambo mengine pia. Katika idara nyingi, saa 18 za kumfundisha mtu mmoja mmoja kwa wiki ndizo mzigo kamili, na ni idara chache zenye wapiga viola wa kujaza saa hizo. Zinazobaki hujazwa na fidla, vikundi vidogo, nadharia ya muziki, au darasa la kuwafundisha walimu wa shule wa baadaye jinsi ya kushika ala zote nne za nyuzi. Kwa hiyo usiitupe fidla yako. Anayeweza kuandika kwa ukweli kwamba anafundisha fidla na viola ana kazi nyingi za kuomba kuliko anayejiita mpiga viola halisi na kununa.

Faili lina barua ya maombi, wasifu, majina ya watu watatu wa kukushuhudia, video za kupiga na video ya kufundisha. Ile ya kufundisha ndiyo huharibu wengi: mwalimu anasema dakika 12, mwanafunzi anapiga dakika 3. Kamati hutazama dakika 5 za kwanza tu, basi chagua kipande ambacho mwanafunzi anasikika tofauti mwishoni na alivyosikika mwanzoni.

Wanaobaki watatu huitwa chuoni kwa siku 1 au 2. Utapiga onyesho la dakika 40 au 50 na mpiga piano wa pale uliyefanya naye mazoezi mara moja, utafundisha darasa wazi, utahojiwa na kamati, utakutana na mkuu wa kitivo ambaye huenda hajui Stamitz ni nani. Kwenye onyesho, usichague kazi ambayo sehemu ya piano ni ngumu kiasi kwamba saa 1 ya mazoezi haitoshi. Hindemith na mpiga piano mgeni, ukiwa na uchovu wa safari ndefu ya ndege, ni kujitafutia balaa.

Darasa wazi ndilo huamua. Mwanafunzi anapiga Preludi ya Suti ya 1 ya Bach. Upinde unavuka nyuzi 3, G, D na A, na kiwiko chake kinapanda na kushuka kwa kila nota, sauti inakatikakatika. Ukimwambia "legeza mkono" hujamwambia kitu. Hajui ni mkono upi na alegeze nini. Mwambie apige nota 16 za mwanzo akishika nyuzi mbili kwa pamoja: kwanza G na D, halafu D na A. Sasa kiwiko kina ngazi 2 za kukalia badala ya 3, na kilichobaki kinafanywa na kifundo. Arudie mara 3 polepole, kisha apige kama ilivyoandikwa. Dakika 4 zimepita na ukumbi umesikia tofauti. Acha hapo. Usiongeze jambo la pili kuhusu vibrato yake, usitaje alivyofundishwa na mwalimu aliyepo, na usichukue ala yako kumwonyesha zaidi ya mara moja. Kamati haiangalii kama unajua mengi. Inajiuliza kama wanafunzi hawa watataka kurudi darasani kwako Jumatatu.

Jambo jingine watakalokuuliza, na wageni wengi hawalitarajii: utawaleta wapi wanafunzi? Mwalimu wa viola asiyeweza kujaza studio yake anaiweka nafasi yenyewe hatarini. Uwe na jibu lenye majina ya aina za shule utakazotembelea, mara ngapi kwa muhula, na namna utakavyowashawishi wapiga fidla wa sekondari wahame, kama mwalimu wako anavyokushawishi wewe.

Ukipata ajira inayoelekea kwenye uprofesa wa kudumu, saa inaanza kuhesabu. Kwa kawaida kuna tathmini mwaka wa 3, na mwaka wa 6 unawasilisha faili la ufundishaji, kazi ya kisanaa na utumishi kwa idara, likisomwa pia na wataalamu wa nje. Maonyesho ya ukumbi wa chuo chako mwenyewe huhesabiwa kidogo. Mwaliko wa mji mwingine, rekodi iliyotolewa na kampuni, makala katika jarida la wataalamu wa viola, au kazi mpya uliyomwagiza mtunzi na kuipiga mara ya kwanza, hivyo vina uzito. Hifadhi kila programu, kila barua ya mwaliko na kila tangazo kuanzia sasa. Kukusanya ushahidi wa miaka 6 katika mwezi mmoja ni kazi chungu.

Je, inalipa? Kiti cha kudumu cha okestra nzuri kinalipa. Uprofesa wa kudumu unalipa, si utajiri, lakini una bima na pensheni. Kati ya hapo na shahada kuna ukanda mrefu wa walimu wa muda wanaolipwa kwa saa au kwa mwanafunzi, bila bima, wakizunguka vyuo viwili au vitatu kwa wiki. Wengine hukaa humo miaka mingi. Weka kikomo chako kabla hujaingia, mathalani miaka 4, kisha upime upya.

Ukifikiria kurudi nyumbani, ujue mapema kwamba Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya kwa kawaida hudai shahada ya uzamivu kwa cheo cha mhadhiri. Uzamivu wa utendaji si jina lililozoeleka sana huku, kwa hiyo uliza kwa maandishi jinsi shahada ya chuo unachokiomba inavyotambuliwa, kabla ya kujiunga wala si baada ya kuhitimu. Andiko lako likihusu muziki wa hapa, sema namna fidla inavyoshika maqamu (mifumo ya skeli za Kiarabu) katika taarabu ya Unguja na Mombasa, utaeleweka haraka zaidi mbele ya idara ambayo inategemea utafiti. Kuhusu kupiga: Nairobi Orchestra ipo na inafaa, lakini wapigaji wake wengi wana kazi nyingine mchana. Pato la mpiga nyuzi Nairobi hutoka kwenye kufundisha shule za kimataifa na wanafunzi wa nyumbani, harusi, studio na makanisa. Ni maisha yanayowezekana, ila si okestra ya mshahara.

Mwili wako ni sehemu ya hesabu. Viola ni nzito, na kiwiko cha kushoto huzungushwa ndani zaidi ili vidole vifike uzi wa C. Ukihama, anza na dakika 45 kwa siku, uongeze dakika 15 kila wiki, huku saa zilizobaki ukizimalizia kwenye fidla. Kila dakika 50 pumzika 10. Uchovu wa misuli unaoisha ukilala ni wa kawaida. Ganzi ya vidole, au maumivu yanayokuamsha usiku, ni ya kwenda kwa daktari wiki hiyohiyo. Anayesubiri hadi baada ya tamasha mara nyingi hupoteza msimu mzima.

Mbao nazo zinaumwa. Ala hutaka unyevu wa hewa kati ya asilimia 40 na 60. Ukitoka hapa ukaingia katikati ya Marekani mwezi wa Januari, joto la ndani ya nyumba hukausha hewa hadi chini sana ya hapo. Ubao wa juu husinyaa, nyuzi hushuka karibu na ubao wa vidole, na ufa hufunguka. Nunua kipima unyevu cha kuweka ndani ya kasha, pamoja na kinyunyizi, kabla ya baridi ya kwanza. Pwani ni kinyume chake: mbao huvimba, nyuzi hupanda juu, gundi ya kingo huachia na vigingi hugoma kuzunguka. Singa za upinde badilisha kila miezi 6 hadi 12. Upinde wenyewe, kwa mtu wa kusafiri, usiwe na pembe ya ndovu nchani, hata kipande kidogo cha upinde wa zamani. Mpakani, bila kibali, hakuna atakayesikiliza hadithi ya umri wake. Mbao za pernambuco, zinazotumika kutengeneza pinde, nazo zimo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2007, hivyo risiti itunzwe. Upinde mzuri wa nyuzi kaboni unakutosha hadi umalize uzamili.

Kwa hali yako, kutuma video za mchujo Desemba hii ni mapema mno. Maliza shahada, jipe miezi 12 ya viola ukiwa na mwalimu, kisha urekodi Oktoba ya mwaka unaofuata. Tafuta mpiga piano wa kweli, si muziki wa kwenye simu. Mfanye mazoezi mara 4. Ukumbi wa kanisa lenye sakafu ya mbao unafaa kuliko chumba cha vigae. Kamera ioneshe mikono yote miwili na upinde wote kutoka kishikio hadi ncha, maikrofoni iwe mita 2 au 3 kutoka kwako, juu kidogo ya kichwa, na kila sehemu ipigwe mfululizo bila kuunganisha vipande, kwa kuwa vyuo hukataza. Piga kila sehemu mara 3, siku 2 tofauti. Anza na Bach, ukiwa bado hujachoka.